Al Ain na Buraimi: Anzeni na Maji, Mlima Utangoja

Hotuba kwa Waswahili wa Muscat wanaojiandaa kwa safari ya mwisho wa wiki

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, assalaam alaykum.

Tumeombwa tuzungumzie mji ambao wengi wenu mmeupita mkielekea Dubai, mkajaza mafuta, mkanywa chai, mkaondoka. Al Ain iko Imarati, yaani Falme za Kiarabu, upande wa mashariki wa Abu Dhabi, kilomita kama 160 kutoka jiji lenyewe, na imepakana na Buraimi ya Oman kiasi kwamba uzio wa mpaka umepita baina ya nyumba na nyumba. Watu huja na orodha: mlima, bustani ya wanyama, duka kubwa, picha. Jioni wamechomwa na jua, na ukiwauliza kwa nini mji umeota katikati ya jangwa, hawana jibu. Jibu ni maji. Ukianza na maji, mengine yote hukaa mahali pake: makaburi ya miaka 5,000, ngome za udongo, na hata mpaka huo unaowasumbua.

Lakini kwanza karatasi, maana asiyevuka haoni kitu.

Kutoka hapa njia ni mbili. Moja inafuata mwambao wa Batinah mpaka Sohar, halafu inakata milima ya Hajar kwa Wadi Jizzi, bonde linalojaa maji mvua ikinyesha, na kutokea Buraimi. Ni mwendo wa kama saa nne ukiheshimu alama za kasi. Ya pili ni ya Nizwa na Ibri, inayowafikisha kituo cha Mezyad, kusini ya Al Ain, chini ya mlima wa Jebel Hafeet. Mvua ikitangazwa milimani, msishindane na Wadi Jizzi. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria Oman hata ukivuka salama, na maji yanayofika magotini yanatosha kulifanya gari dogo lielee.

Raia wa nchi za Ghuba huvuka kwa kitambulisho. Wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, hata kama mna ukaazi wa Oman wa miaka mingi, mnahitaji kibali cha kuingia Imarati, na huombwa kwa intaneti kabla ya safari. Pasi iwe na angalau miezi 6 mbele. Angalieni pia kama viza yenu ni ya kuingia mara moja au mara nyingi, kwa sababu safari hii inavuka mpaka kwenda na kurudi, na anayetaka kuona Buraimi katikati ya ziara ya Al Ain atavuka tena. Huyo mwenye viza ya mara moja atajikuta upande wa pili wa uzio, anaiona hoteli yake na hawezi kuifikia.

Ramani ya simu ndiyo inayowapoteza wengi. Inatafuta lango la karibu, haijui lango ni la nani. Kuna malango ya raia wa Ghuba tu, na mgeni hupanga foleni pale, afike dirishani, arudishwe. Andikeni kabisa jina la kituo: Khatm al-Shikla kwa wanaotoka Buraimi, Mezyad kwa wanaotoka Ibri, na kabla ya kuondoka hakikisheni kituo hicho kinawapokea wenye pasi za aina yenu, kwani utaratibu hubadilishwa. Tena vituo vya nchi mbili havikupakana bega kwa bega. Mtu anaweza kukipita cha Oman akidhani ni kizuizi cha barabarani tu, akafika upande wa pili bila muhuri wa kutoka. Hapo hakuna mjadala, ni kugeuza gari.

Kuhusu gari: mulkiya, kadi ya usajili wa gari, iwe ndani, na kama gari si lako, barua ya mwenyewe, la kukodi, barua ya kampuni inayoitaja Imarati kwa jina. Bima iwe na ile kadi ya machungwa ya nchi za Kiarabu. Baadhi ya bima za hapa zinakomea Oman, na wanaogundua hilo mpakani hulazimika kukata ya muda pale pale. Wanaotoka Imarati kwa barabara hulipa ada ya dirham 35 kwa kichwa, basi wekeni hesabu hiyo kwa ajili ya kurudi. Asiye na gari apande basi la Mwasalat la Muscat kwenda Abu Dhabi, linapitia Buraimi na Al Ain.

Na mizigo. Mirungi ni dawa ya kulevya pande zote mbili za mpaka. Tunasema wazi kwa sababu kuna wageni wanaokuja kutoka nyumbani Afrika Mashariki ambao kwao ni majani ya sokoni. Vidonge vya maumivu vyenye kodeini au tramadoli vinahitaji idhini rasmi Imarati, si cheti cha daktari tu. Uzio, askari na majengo ya mpakani havipigwi picha.

Mambo mawili madogo nayo hugharimu. Simu: karibu na uzio, mkiwa Al Ain, huenda ikashika mtandao wa Oman, na wenye laini za Imarati hujikuta wanatozwa bei ya ng'ambo wakiwa wamekaa mkahawani, chagueni mtandao wenyewe kwenye mipangilio. Na kalenda: mapumziko yetu hapa ni Ijumaa na Jumamosi, ya Imarati tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Ngome na makumbusho mengi ya Al Ain siku ya Ijumaa hufunguliwa alasiri tu, na Jumatatu hufungwa. Anayefika Ijumaa saa tatu asubuhi atakuta malango yamefungwa. Asubuhi hiyo iwe ya mashamba ya mitende. Riali moja ni dirham tisa na nusu hivi, na haipandi wala kushuka sana kwa kuwa sarafu zote mbili zimefungwa kwenye dola.

Sasa maji.

Mashamba ya mitende ya Al Ain ni sita: Al Ain yenyewe, Qattara, Jimi, Mutaredh, Muwaiji na Hili. Yote, pamoja na makaburi ya Hafit na maeneo ya kale ya Hili na Bidaa Bint Saud, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, ya kwanza kwa Imarati. Kubwa ni shamba la Al Ain, katikati ya mji, lenye mitende zaidi ya 147,000 kwa hesabu inayotolewa, na aina za tende kama 100. Kuingia ni bure. Lina malango manane, na humo ndani njia zote zina kuta za udongo zinazofanana, kwa hiyo pigeni picha ya jina la lango mliloingilia. Tunapendekeza lango la magharibi, lililo na kituo kidogo cha maelezo, ambapo watoto huona mfano wa falaji, mfereji wa jadi wa maji, kabla ya kuikuta yenyewe.

Waswahili wa Oman falaji mnaijua, lakini wengi mnaijua pale inapopita mtaani. Kazi ngumu iko usipoiona. Chini ya mlima huchimbwa kisima mama mpaka kwenye tabaka la maji. Kutoka hapo unachongwa mfereji chini ya ardhi kuelekea mashambani, ukishuka polepole sana, takriban mita moja kwa kila kilomita. Mteremko ukizidi hapo, maji hula kuta na mfereji huporomoka. Ukipungua, mchanga hutuama na kuziba. Fundi alipima hayo gizani, bila mashine. Kila baada ya makumi ya mita hutobolewa shimo la kutolea udongo na kuingiza hewa, na udongo huzungushiwa mdomo wa shimo ili mafuriko yasiingie. Ukitazama kutoka juu, unaona mstari wa vichuguu jangwani. Maji yakitokeza juu ya ardhi, mahali pale huitwa sharia. Hapo ni pa kuteka maji ya kunywa. Baada yake ni msikiti na pa kuoga, kisha ndipo mashamba.

Ndani ya shamba, simameni kwenye njia panda ya mifereji mtazame mkono unaogawa maji. Hakuna bomba wala koki. Kuna tundu la ukubwa wa mkate kwenye ukingo wa saruji, limezibwa kwa jiwe lililofungwa tambara na kukandikwa tope. Zamu yako ikifika unalichomoa jiwe, maji yanageuka yenyewe kuingia kwako, na jiwe lile lile linahamia tundu la jirani. Maji hugawiwa kwa muda, si kwa ujazo: mwenye hisa ana dakika zake, na msimamizi, arif, ndiye mwenye daftari. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Kwa hiyo ukiona mfereji mmoja mkavu na wa pembeni umejaa, usidhani umeharibika. Si zamu yake.

Adabu za pale ni chache na zina sababu. Msikanyage kingo, hubomoka. Msinawe kwa sabuni, maji yale yanakwenda kwenye miti ya mtu mwingine. Msichume, kila kipande kina mwenyewe, na tende zilizoanguka pia ni zake. Mkienda Februari hadi Aprili mtaona wapanda mitende wakichavusha kwa mkono, kichala cha dume kikiingizwa katikati ya kole la jike. Juni hadi Septemba ni mavuno, na joto lake mnalijua, zaidi ya digrii 45 mchana. Shamba ni mahali pekee pa kukaa nje saa sita adhuhuri. Mitende inafunika juu, chini yake miembe, ndimu na tini, chini kabisa majani ya mifugo, na hewa ya humo si ya barabarani.

Tuwaambie na la kweli ambalo vibao havilikazii sana: maji ya falaji mnayoyaona leo kwa sehemu kubwa yanasukumwa kwa pampu. Visima vya mashine vya karne ya 20 vilishusha maji ya chini ya ardhi, visima mama vikakauka. Mfumo wa kugawa umebaki, chanzo kimebadilika. Kwetu sisi hilo linaongeza maana ya kwenda, maana watu wameamua kulipa gharama ya pampu ili desturi isife.

Kutoka hapo nendeni Hili, kaskazini ya mji, saa kumi jioni jua likilegea. Watu wanalipita kwa sababu limefanana na bustani ya mtaani yenye bembea. Katikati yake kuna kaburi la duara, upana wa mita 12 hivi, la zama za Umm an-Nar, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Zungukeni mpaka mlangoni, muiname. Juu ya tundu la kuingilia wamechongwa watu wawili wamesimama baina ya choroa wawili wenye pembe ndefu, mistari imelika lakini bado inasomeka jua likija kwa ubavu. Saa sita mchana mwanga unashuka wima na hamtaona kitu, ndiyo maana tunasema jioni. Haikuwa kaburi la mfalme mmoja. Walizikwa humo watu wengi kwa vizazi, na katika kaburi jingine la Hili wachimbaji walitoa mifupa ya watu mamia. Eneo hilo hilo limetoa falaji ya kadiri ya mwaka 1000 KK, miongoni mwa za kale kabisa zilizopata kufukuliwa popote. Mtaalamu wa akiolojia Walid Yasin al-Tikriti alizichunguza falaji hizi za Hili na Bidaa Bint Saud, na kazi yake ilitia shaka nadharia ya zamani kwamba ufundi huu uliletwa kutoka Uajemi.

Ngome tutazipita haraka, kwa kuwa mkiwa watu wa Nizwa na Bahla hamtashtushwa na ngome. Moja tu msikose, Jahili, iliyojengwa miaka ya 1890 kwa amri ya mtawala wa Abu Dhabi, Sheikh Zayed bin Khalifa, yule wa kwanza. Ina mnara wa duara wenye vidato vinne vinavyopungua kadiri unavyopanda, na ndani kuna picha za Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Robo Tupu kwa ngamia miaka ya 1940 na Mabedui wakamwita Mubarak bin London. Kuingia bure, dakika 45 zinatosha. Karibu yake ni kasri alilokaa Sheikh Zayed bin Sultan kabla ya kutawala Abu Dhabi mwaka 1966. Alikuwa mwakilishi wa mtawala hapa tangu 1946, na alijijengea jina kwa kusafisha falaji zilizoziba na kuchimbisha mpya, Falaj al-Saruj. Makumbusho ya Taifa ilifunguliwa 1971 na imepata matengenezo marefu. Ulizeni saa zake kabla ya kuipangia. Msikiti mkuu wa Sheikh Khalifa, uliofunguliwa 2021, unachukua waumini zaidi ya 20,000, na kwa wanaosafiri na wazee ni mahali pazuri pa kuswali na kupumzika.

Bustani ya wanyama ipo tangu 1968. Kama mmekulia karibu na Mikumi au Tsavo, twiga wa Al Ain hawatawaambia jipya. Nendeni kwa choroa wa Arabuni. Huyu alitoweka porini mwaka 1972, wa mwisho akiuawa hapa hapa Oman, uwanda wa Jiddat al-Harasis, akarudishwa kwa vizazi vilivyofugwa. Ndiye yule yule wa mlangoni pa kaburi la Hili, na mtoto aliyeona mchongo jana akimwona mwenyewe leo hatahitaji maelezo mengi.

Jebel Hafeet sasa. Kilele kina mita 1,249, mpaka umekipita mgongoni, na barabara yake ya kilomita 11.7 ilijengwa 1980: njia mbili za kupanda, moja ya kushuka. Pandeni saa moja na nusu kabla ya Magharibi, mpate maegesho. Juu ni baridi kuliko mjini kwa digrii kama 6, na kipupwe upepo unapenya, kwa hiyo watoto wavae kitu kizito. Kiangazi, gari likianza kupandisha joto, zimeni kiyoyozi mapema kabla sindano haijafika mwisho.

Lakini ajali si za kupanda. Dereva anashuka gizani, mguu juu ya breki kilomita zote 11, breki zinapata moto, maji yake yanachemka, pedali inazama bila kushika. Shukeni kwa gia ndogo tangu kona ya kwanza. Gari la otomatiki lina L au 2, na kazi yake ni hiyo. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kisha iachwe, isishikiliwe. Mkisikia harufu ya kuungua, ingieni kwenye maegesho ya kando, mkae dakika 20 au 30, na asije mtu na chupa ya maji kumwagia magurudumu, chuma cha moto kikikutana na maji hupinda au hupasuka. Chini ya mlima, Mubazzara, kuna chemchemi za maji moto na mifereji ya kutumbukiza miguu. Wazee huipenda kuliko kilele, na hawakosei.

Makaburi ya Hafit yako upande wa mashariki wa mlima, karibu na Mezyad. Ni ya kadiri ya mwaka 3000 KK, ya mawe makavu yaliyopangwa kama mzinga, na mamia yake yametapakaa kwenye vilima. Wadenmark waliyafukua kuanzia 1959 na kukuta vyungu vya mtindo wa Mesopotamia. Yanayoonekana yamesimama vizuri yamejengwa upya; yaliyobaki ni malundo, msipande juu yake na msichukue jiwe.

Soko la ngamia liko karibu na Bawadi Mall, na uhai wake ni asubuhi. Hapo patawatokea mtu mkarimu, atawaonyesha ndama, atamshikia mtoto wako kamba upige picha, halafu atataka malipo, na kiasi atakachotaja hakitakuwa kidogo. Kubalianeni bei kabla, au shukuruni kwa Kiarabu na kuendelea kutembea. Vaeni viatu vya kufunika.

Imebaki Buraimi, na tunaomba msiifanye kituo cha kupita. Kihistoria hii ni chemchemi moja ya vijiji tisa: sita viko Abu Dhabi, vitatu viko Oman, yaani Buraimi, Hamasa na Saara. Mwaka 1952 kikosi kutoka Saudia kilikalia Hamasa. Usuluhishi wa mgogoro huo huko Geneva ukavunjika 1955, na Oktoba mwaka huo kikaondolewa kwa nguvu. Watu husema ni mafuta, na ni kweli mafuta yalitarajiwa, lakini kijiji kilichogombewa kilikuwepo kwa sababu ya maji. Hamasa ilijulikana pia kwa soko la watumwa lililodumu mpaka katikati ya karne ya 20, na Waafrika walipitishwa pale. Waswahili wakisimama Hamasa wajue hilo pia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtu wa Al Ain alikwenda kununua mboga Buraimi bila kuonyesha pasi. Uzio mnaouona ni wa juzi.

Tazameni ngome ya Khandaq, yenye handaki kavu lililoizunguka, halafu nyumba ya Hillah, yenye mapambo ya plasta mazuri kuliko mengi ya ng'ambo ya uzio. Soko liko jirani. Kwa kuwa mtakuwa Oman, fanyeni Buraimi siku ya kurudi, baada ya muhuri wa kutoka Imarati, na tatizo la viza ya mara moja litakuwa limekwisha.

Wenye pasi za nje ya Ghuba na wenye magari ya kukodi msitoke. Kaeni safu ya mbele na karatasi zenu, tuzipitie moja moja.